Shahada za Ujerumani na Vyeti vya Vijana Wetu

Kila mwaka Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda, UNEB, linapotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, nyumba nyingi za Kampala na za mikoani huingia katika mashauri mazito. Baba, mama, wajomba na mashangazi hukusanyika kutafuta njia ya kumwendeleza mtoto. Katika mashauri hayo jina la Ujerumani hutajwa mara kwa mara. Husemwa kwamba huko elimu ya chuo kikuu ni ya bure, kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi, na kwamba akimaliza masomo yake hapati taabu ya ajira. Baadhi ya maneno hayo ni kweli, baadhi ni nusu ya kweli, na baadhi ni biashara ya watu wanaoishi kwa jasho la wenzao.

Swali linaloulizwa kwanza katika mashauri hayo ni la ada. Swali hilo ni halali, lakini yapo mawili yanayopaswa kulitangulia. La kwanza: cheti alicho nacho mtoto huyu kitasomwaje kule Ujerumani? La pili: cheti atakachorudi nacho kitasomwaje hapa Uganda? Asiyeyajibu maswali hayo mawili kabla ya kuuza kiwanja anaweza kugundua, baada ya miaka minne, kwamba fedha zimekwisha na mlango haujafunguka.

Jambo la cheti kupimwa na wageni si geni kwetu. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi. Ilipofika mwaka 1949 ikawa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake walitunukiwa shahada za London, ingawa walisomea juu ya kilima hiki hiki cha Kampala. Mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikasimama yenyewe. Tangu hapo shahada zetu zina jina letu, nasi twajivunia. Lakini kila shahada yenye jina jipya lazima ielezwe kwa mtu asiyeijua. Karatasi haina uwezo wa kujisemea yenyewe. Husemewa na taratibu za nchi inakopelekwa.

Basi tuanze na vyuo vyenyewe. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, na elimu ya juu iko mikononi mwa majimbo hayo. Kwa hiyo sheria na ada za Bayern si lazima ziwe sawa na za Berlin. Vyuo vya serikali vimegawanyika katika mafungu makuu matatu. La kwanza ni vyuo vikuu vya kawaida pamoja na vile vya ufundi, ambavyo hufundisha na kufanya utafiti, na ndivyo vyenye mamlaka kamili ya kutoa udaktari wa falsafa. La pili ni vyuo vya sayansi za matumizi, ambavyo Wajerumani waliviita Fachhochschule vilipoanzishwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Huko mwanafunzi wa uhandisi, biashara au ustawi wa jamii husoma kwa kuelekea kazini, na muhula mmoja aghalabu hutumika kiwandani au ofisini. La tatu ni vyuo vya sanaa, muziki na filamu, ambavyo humpima mwombaji kwa kazi ya mikono yake kabla ya kutazama alama zake.

Kuna wanaodhani kwamba chuo cha sayansi za matumizi ni chuo cha daraja la chini, kama vile vyuo vyetu vinavyotoa stashahada. Dhana hiyo ni makosa. Shahada ya kwanza na ya pili zitolewazo huko ni shahada kamili kwa sheria ya Ujerumani. Tofauti iko katika lengo. Anayetaka kuendesha mitambo ya umeme atafaidi zaidi huko, na anayetaka kuwa mtafiti atafaidi zaidi katika chuo kikuu.

Nje ya mafungu hayo wapo wenye vyuo vya binafsi. Kati ya vyuo hivyo vipo vyenye kutambuliwa na serikali, na vingine havitambuliwi. Hata vilivyotambuliwa hutoza ada kubwa, pengine maelfu ya euro kila mwaka. Hapa ndipo mwombaji huponzwa na sifa ya nchi nzima. Husikia kwamba Ujerumani haina ada, akamfuata dalali, naye dalali akampeleka chuo cha binafsi ambacho humlipa dalali huyo kwa kila kichwa anachokileta. Mtoto hujikuta analipa ada katika nchi aliyoambiwa haina ada.

Sasa tuje kwenye majina ya shahada, maana hapa pana historia iliyowaumiza watu. Kabla ya miaka ya 2000 chuo kikuu cha Ujerumani hakikuwa na shahada ya kwanza kwa mtindo wa Kiingereza. Mwanafunzi alisoma miaka mitano au zaidi mfululizo, akapata shahada moja iliyoitwa Diplom, hasa katika sayansi na uhandisi, au Magister katika fasihi, historia na masomo ya namna hiyo. Diplom ya chuo kikuu ililingana na shahada ya pili. Lakini fikiria, ndugu msikilizaji, karani wa ajira hapa kwetu apokee karatasi iliyoandikwa Diplom. Kwake yeye diploma ni masomo ya miaka miwili baada ya kidato cha sita, chini ya shahada. Herufi moja iliyokosekana mwishoni inaweza kumshusha mhandisi ngazi mbili, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Mambo yalibadilika baada ya mkutano wa mawaziri wa elimu wa Ulaya uliofanyika Bologna, nchini Italia, mwezi Juni 1999. Nchi hizo zilikubaliana kuwa na ngazi zinazofanana, na Ujerumani ikaanza kuziacha Diplom na Magister ili kuchukua shahada ya kwanza na shahada ya pili. Leo shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu hadi minne, na ya pili mwaka mmoja hadi miwili. Kazi ya mwanafunzi huhesabiwa kwa pointi za masomo. Mwaka mmoja wa masomo ni pointi 60, na pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, darasani na nje ya darasa. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina pointi 180, na mtu akimaliza shahada ya pili kwa kawaida huwa amefikisha 300.

Hesabu hii ina maana kwa Mganda. Zipo kozi za shahada ya pili, hasa zile za mwaka mmoja na nusu, zinazotaka mwombaji awe tayari na pointi 210. Mwenye shahada yetu ya miaka mitatu anaweza kuhesabiwa 180, akaambiwa kwamba amepungukiwa na 30. Chuo kingine kitampokea kwa sharti la kufidia masomo, na kingine kitamkataa. Anayelijua sharti hilo mapema huchagua kozi ya miaka miwili, na pengo hilo halimhusu tena.

Pamoja na mabadiliko hayo, fani kadhaa zimebaki na utaratibu wa zamani unaoitwa Staatsexamen, yaani mtihani wa dola. Fani hizo ni udaktari wa tiba, meno na mifugo, ufamasia, sheria, na katika baadhi ya majimbo ualimu. Mhitimu wa tiba husoma zaidi ya miaka sita, naye hapati shahada ya kwanza wala ya pili, bali cheti cha kufaulu mtihani wa dola. Isitoshe, kule Ujerumani tabibu haruhusiwi kujiita daktari kwa sababu tu ya kufaulu mtihani huo. Ni lazima kwanza aandike tasnifu na kuitetea. Hapa kwetu kila atibuye wagonjwa twamwita daktari. Kule huitwa tabibu hadi hapo atakapoipata hiyo shahada ya udaktari. Anayekwenda kusomea tiba ajue pia kwamba masomo hayo hufundishwa kwa Kijerumani na kwamba nafasi za wageni kutoka nje ya Ulaya ni chache mno.

Tutazame sasa mlango wa kuingilia, kwanza kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Vyeti vya nchi zote hupimwa kwa miongozo ya ofisi kuu ya elimu ya kigeni iliyo chini ya baraza la mawaziri wa elimu wa majimbo. Kwa miongozo hiyo kila mwombaji huangukia katika moja ya hali tatu. Ama anaruhusiwa kuingia chuo moja kwa moja katika fani yoyote, ama anaruhusiwa katika fani zinazolingana na masomo aliyoyafanya, ama hana budi kupitia mwaka wa matayarisho. Kinachotazamwa ni masomo makuu aliyoyafanya, namna yanavyoungana, na alama alizopata. Kijana aliyefanya historia, uchumi na dini asitazamie kwamba atafunguliwa mlango wa uhandisi kwa kuwa tu alifaulu vizuri.

Mwaka wa matayarisho hufanyika katika chuo kinachoitwa Studienkolleg. Huko mwanafunzi huwekwa katika mkondo unaohusiana na fani yake: mkondo wa ufundi na hisabati, wa tiba na biolojia, wa uchumi, au wa fasihi na sayansi za jamii. Kuingia kwenyewe kuna mtihani, na wengi hutakiwa wawe wamefika ngazi ya kati ya Kijerumani kabla ya kuufanya. Mwisho wa mihula miwili kuna mtihani mkubwa ambao huweza kurudiwa mara moja tu. Kwa hiyo mwaka huo usidharauliwe. Ni mwaka halisi wa masomo, wenye gharama ya kuishi, na unaoweza kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu.

Hata aliyekwisha kuingia chuoni asibweteke. Kwa kawaida mtihani wa lazima hujaribiwa mara mbili au tatu. Anayeshindwa jaribio la mwisho huondolewa, na huzuiwa kuisoma tena fani ile ile katika vyuo vya nchi nzima. Ukali huo haujulikani sana kwetu, ambako mwanafunzi amezoea kulirudia somo na kusonga mbele.

Lugha ni mlango wa pili. Kozi nyingi za shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani. Zinazofundishwa kwa Kiingereza ni nyingi zaidi katika shahada ya pili. Kwa kozi za Kijerumani, vyuo hutaka ushahidi wa ngazi ya juu, kama vile mtihani wa TestDaF au mtihani wa lugha unaotolewa na chuo chenyewe. Kufika ngazi hiyo ni kazi ya mamia ya saa za darasani. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwanzoni mwa mwaka, na tarehe ya mwisho ya maombi ya muhula wa Oktoba kwa kozi nyingi ni 15 Julai. Hakuna awezaye kujifunza Kijerumani cha chuo kikuu katika miezi hiyo michache. Anayetaka njia hiyo aanze angali kidato cha tano, au mapema zaidi, kwa maana Kijerumani ni somo linalotahiniwa na UNEB na baadhi ya shule zetu hulifundisha. Hapa Kampala pia Goethe-Zentrum hufundisha lugha hiyo kwa watu wazima.

Tukumbuke kwamba Wajerumani wenyewe walipotaka kuja kwetu walianza na lugha. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin shule ya lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maofisa na wafanya biashara waliokusudia kuja Afrika Mashariki. Walikuja kututawala, na nia yao haikuwa njema kwetu. Lakini walijua kwamba asiyeijua lugha ya mahali hubaki mgeni barazani. Leo Kiswahili kinafundishwa Bayreuth, Leipzig na Hamburg. Kijana wetu naye afanye bidii hiyo, kwa nia iliyo bora zaidi.

Kwa aliye na shahada ya kwanza ya hapa nyumbani, mlango ni mwingine, na kwa wengi ndio ulio mwepesi zaidi. Hapo hutazamwa mambo matatu: chuo kilichotoa shahada, fani iliyosomwa, na alama. Kuhusu chuo, ofisi ile ile ya majimbo ina orodha ya wazi ambayo kila mtu anaweza kuisoma katika intaneti. Chuo kinachotambuliwa huwekewa alama ya kujumlisha, na kisichotambuliwa alama ya kutoa. Kipo pia kinachowekewa alama zote mbili, maana yake hali yake lazima ichunguzwe moja moja. Mwombaji na akitazame chuo chake humo kabla ya kulipa senti yoyote.

Neno hilo lina uzito kwetu. Mwezi Mei 2023 wengi walishtuka walipoona katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwamba kozi nyingi za vyuo vyetu, hata vyuo vikongwe, zimeandikwa kuwa muda wake umekwisha. Baraza lilieleza kwamba maana yake ni kozi inayongoja kukaguliwa upya, na kwamba shahada zilizokwisha tolewa ni halali. Maelezo hayo yalituliza mioyo hapa nyumbani. Lakini ofisa aliyeko Bonn au Berlin, anayesoma orodha na hasikii redio yetu, atalielewaje neno hilo? Kila neno tunaloliandika juu ya shahada zetu husomwa mbali, na husomwa na watu ambao hawatatupigia simu kuuliza.

Kuhusu alama, pana kinyume ambacho kimewachanganya wengi. Katika vyuo vyetu wastani wa juu kabisa ni 5.0. Kule Ujerumani alama bora ni 1.0, alama ya chini ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kuanguka. Wazee waliofanya mtihani wa kidato cha nne kabla ya mtaala mpya kufikia mtihani wa mwaka 2024 hawatashangaa, kwa sababu nao walijua kwamba 1 ni sifa na 9 ni aibu. Ili kugeuza alama, vyuo vingi hutumia kanuni iliyotokea Bayern. Chukua alama ya juu kabisa, yaani 5, utoe wastani wako. Jibu uligawe kwa tofauti iliyoko kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu, ambayo kwa Makerere ni 5 kutoa 2, yaani 3. Kisha uzidishe kwa 3, na mwisho uongeze 1. Mwenye wastani wa 3.8 atapata 2.2. Mwenye 4.4, ambako daraja la kwanza linaanzia, atapata 1.6. Mwenye 3.6, ambako daraja la pili la juu linaanzia, atapata 2.4. Kozi nyingi za shahada ya pili hutaka 2.5 au bora zaidi. Kwa hiyo aliye katika daraja la pili la juu asijidharau, na aliye chini yake ajue kwamba itambidi atafute kozi zenye masharti mepesi zaidi.

Pana jambo moja zaidi juu ya shahada ya pili. Zipo zinazoendeleza moja kwa moja fani ya shahada ya kwanza, na zipo za kuwaendeleza watu walio kazini. Hizi za walio kazini hutaka uzoefu usiopungua mwaka mmoja, nazo hulipiwa ada hata katika vyuo vya serikali. Kwa upande mwingine, Shirika la Kijerumani la Mabadilishano ya Kitaaluma, DAAD, ambalo limekuwa na ofisi Nairobi tangu mwaka 1973, lina ufadhili wa kozi zinazohusu maendeleo. Ufadhili huo hutaka mwombaji awe na miaka miwili ya kazi, na shahada yake isiwe imepita miaka sita. Mtumishi wa wilayani, bwana shamba, au mhandisi wa maji, anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko kijana aliyetoka chuoni jana.

Udaktari wa falsafa nao una njia yake. Wengi huanza kwa kumtafuta profesa atakayekubali kuwasimamia, ambaye kwa Kijerumani huitwa baba wa udaktari. Wengine hujiunga na shule maalumu za utafiti. Kwa kawaida shahada ya pili huhitajika, na kazi yenyewe huchukua miaka mitatu hadi mitano. Na heshima ya shahada hiyo hulindwa kwa ukali. Mwaka 2011 Waziri wa Ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya Chuo Kikuu cha Bayreuth kumnyang'anya udaktari wake kwa kunakili maandishi ya wengine. Mwaka 2013 Annette Schavan, aliyekuwa Waziri wa Elimu, naye aliondoka baada ya Chuo Kikuu cha Düsseldorf kumfutia wake. Kujitwalia cheo cha udaktari bila haki ni kosa la jinai nchini humo. Wale wetu wanaonunua udaktari kwa barua na kuupachika mbele ya majina yao walitafakari hilo.

Tufike kwenye fedha. Ni kweli kwamba vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, wala kwa shahada ya pili inayoendeleza fani. Lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kuwatoza ada tangu muhula wa Oktoba 2024. Kila mahali mwanafunzi hulipa mchango wa muhula na bima ya afya. Zaidi ya hayo, ili apate viza, ni lazima aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu. Tangu Septemba 2024 kiasi kinachotakiwa kuwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa ni euro 11,904 kwa mwaka, na mwanafunzi hutolewa euro 992 kila mwezi. Ukikadiria euro moja kwa shilingi 4,000, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 47. Kiasi hicho hupandishwa mara kwa mara, basi kila mwombaji auulize ubalozi kabla ya kupanga. Fedha hizo ni mali ya mwanafunzi mwenyewe, lakini lazima ziwepo zote kwa mkupuo. Kwa familia ya kawaida huo ni ukoo mzima kuchanga, au shamba kuuzwa.

Kazi ya kibarua inaruhusiwa. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaweza kufanya kazi siku 140 kamili, au siku 280 za nusu nusu, kwa mwaka. Akihitimu, anaweza kuruhusiwa kubaki hadi miezi 18 akitafuta kazi inayolingana na elimu yake. Hayo ni manufaa makubwa, ila hayatoshi kuwa msingi wa safari. Anayekwenda kwa kutegemea kibarua peke yake atachagua kati ya kibarua na mtihani, na tumekwisha kueleza mtihani wa kule ulivyo.

Maombi yenyewe hayana gharama ya kutisha. Vyuo vingi hutumia ofisi ya pamoja iliyoko Berlin iitwayo uni-assist, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linaloongezwa. Vyuo vingine hupokea maombi vyenyewe. Basi mtu anayekudai mamilioni ili akupatie nafasi anauza kitu ambacho ungeweza kukipata kwa bei ya viatu. Aidha, jihadhari na anayechanganya chuo kikuu na mafunzo ya ufundi. Ujerumani ina mafunzo mazuri ya ufundi na uuguzi, ya miaka miwili hadi mitatu na nusu, ambako mwanagenzi hulipwa na mwajiri wake huku akisoma. Ni njia ya heshima, na ina riziki. Lakini mwisho wake ni cheti cha ufundi na wala si shahada, na mtu aambiwe hivyo kabla hajapanda ndege.

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayesoma ughaibuni siku moja atarudi, au karatasi zake zitarudi. Hapa Uganda vyeti vya sekondari vya kigeni hulinganishwa na UNEB, na shahada za kigeni hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Baada ya hapo kila taaluma ina mlinzi wake. Tabibu huandikishwa na Baraza la Madaktari, na mhandisi na bodi ya usajili wa wahandisi. Anayetaka kuwa wakili akumbuke kwamba sheria ya Ujerumani imejengwa juu ya misingi tofauti na ile ya Kiingereza tuliyoirithi, na kwamba ni lazima mawakili wetu wapitie Kituo cha Maendeleo ya Sheria. Aulize mapema, kabla ya kutumia miaka yake kwa elimu ambayo mahakama zetu hazitaipokea moja kwa moja.

Mhitimu asiondoke Ujerumani bila nyongeza ya shahada, waraka unaotolewa kwa Kiingereza ukieleza ngazi ya shahada, pointi zake, muda wake na mfumo wa alama. Waraka huo humsemea mbele ya karani asiyeijua Ujerumani. Pasipo huo, alama ya 1.3, ambayo ni sifa kubwa, inaweza kusomwa hapa kwetu kama aibu.

Wajibu huu usiachwe mabegani mwa vijana peke yao. Shule zetu ziwaeleze wanafunzi wa kidato cha tano uhusiano ulioko kati ya masomo wanayoyachagua na milango wanayoitazamia. Vyuo vyetu vitoe nakala za alama kwa wakati, zenye kueleza kanuni ya alama, kwa kuwa wapo wanaopitwa na tarehe kwa kungojea karatasi moja kutoka kwa msajili. Baraza la Elimu ya Juu liandike orodha zake kwa maneno yasiyoweza kueleweka vibaya ng'ambo. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo viongozi wake walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu, iendelee kulipa tamko hilo nguvu, kupitia Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake papa hapa Kampala. Nchi za Ulaya zilijifunza kusomeana shahada kwa kukubaliana. Nasi tukikubaliana, shahada ya Mbarara itasomeka Mwanza na Eldoret, na ikisomeka huko itakuwa rahisi zaidi kusomeka Leipzig.

Elimu ya Ujerumani ni njema, na wapo wana wa nchi hii walioipata na kuitumia kwa faida yetu sote. Anayeitaka na aifuate. Ila akae kwanza na cheti chake mezani, pamoja na wazazi wake, aulize maswali yale mawili kwa utulivu, apate majibu kutoka kwa ofisi zinazohusika, na ndipo familia ianze kuzungumza habari ya fedha.